Pugh Koti

Katika bonde la Cwmhelyg walikuwepo akina Pugh saba, na wengi wao hawakuwa na undugu hata wa mbali, hivyo watu waliwatenganisha kwa majina ya kupachika. Palikuwa na Pugh Maziwa, aliyepeleka chupa mlango kwa mlango. Pugh Jeneza, seremala. Na Pugh Haleluya, ambaye kanisani aliitikia kabla mchungaji hajamaliza kuomba. Iorwerth, aliyefanya kazi ya kusimika nguzo chini ya mgodi ili paa lisiwaangukie wenzake, aliitwa Pugh Kisigino. Jina hilo alilipenda, kwa kuwa alikuwa amelitolea jasho.

Alicheza raga. Katika skramu, pale watu wanane wanapoinamiana na wanane wa upande wa pili na kusukumana, yeye ndiye aliyekaa katikati ya safu ya mbele. Mikono yake ilikumbatia mabega ya wenzake wawili, wa kulia na wa kushoto, ambao katika mchezo huo nao huitwa nguzo, naye akaning'inia kati yao kama nguo kwenye kamba. Mpira ukitupwa chini, kazi yake ilikuwa kuuvuta nyuma kwa kisigino kabla mwenzake wa upande ule hajaufikia. Ni kazi ya sekunde moja, nayo hufanywa huku uzito wa watu kumi na tano ukiwa umekaa shingoni.

Katika mabonde yote ya kusini hapakuwa na kisigino chepesi kuliko chake. Wateuzi wa timu ya taifa ya Wales walikiona, wakaliandika jina lake. Lakini juu ya jina lake, mwaka hadi mwaka, liliandikwa jina la Handel Vaughan, mwalimu wa michezo kutoka magharibi, ambaye hakuwa mwepesi zaidi ila alikuwa mzito zaidi, na hakuugua wala kuumia. Iorwerth akawa mchezaji wa akiba. Alisafiri na timu, akala na timu, akapita nao njia ile ile ya kuingilia uwanjani, kisha akaketi kwenye benchi ndani ya koti refu la sufu ambalo chama kiliwapa watu wa akiba, amefunga vifungo hadi kidevuni, akitazama.

Sheria ya siku hizo ilikuwa ngumu. Mtu wa akiba haingii mpaka aliye ndani aumie, na daktari atamke kwa kinywa chake kwamba huyu hawezi kuendelea. Na kofia ya taifa, ile ya mahameli ambayo chama humpa mchezaji mara moja tu maishani, hupewa aliyekanyaga majani wakati mchezo unaendelea. Hata kama ni kwa dakika moja. Aliyekaa benchi miaka mitano hapati kitu, na jina lake haliandikwi popote.

Siku aliporudi kutoka safari ya tisa, mtu mmoja klabuni alisema, "Huyu si Kisigino tena. Huyu ni Koti." Ilikuwa Jumamosi usiku. Kufikia Jumatatu jina lilikuwa limeshuka mgodini kabla yake.

Alipofika safari ya kumi na saba, mchezo wa nyumbani na Wafaransa, wa mwisho wa msimu, alikuwa na miaka thelathini na mitano. Majina yalitangazwa redioni, na asubuhi alipoingia dukani kununua mkate alikuta foleni ya wanawake.

"Koti," alisema Bi Beynon, mwenye duka, "wametangaza upepo wa kaskazini Jumamosi ijayo. Vifungo vyako vyote vipo?"

"Vipo, mama."

"Mwambie mkeo akaze kile cha juu. Mtu wa kukaa kitako kifua kinamwingia baridi upesi."

"Mwacheni," alisema mwanamke mwingine. "Mnamwona hivi, lakini anaujua mchezo kuliko wote. Ndiye peke yake anayeuona wote kutoka mwanzo hadi mwisho."

Foleni ikacheka. Iorwerth naye akacheka, maana asiyecheka katika foleni ile hutaniwa mara mbili, akachukua mkate wake akatoka. Nje alisimama kidogo akiutazama mlima. Alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho kilikuwa kidogo mno: dakika moja ndani ya mstari mweupe.

*

Jumapili Mostyn alikuja kula kama kawaida. Mostyn Bevan alikuwa mdogo wake Tegwen, mke wa Iorwerth, na ndiye aliyekuwa nguzo ya kushoto ya klabu yao, na kwa miaka mitatu sasa nguzo ya kushoto ya taifa. Iorwerth ndiye aliyemtengeneza. Alimchukua akiwa na miaka kumi na saba, mnene, mwenye kuogopa kuumia masikio, akamfundisha jinsi ya kupanga miguu, jinsi ya kupumua, na jinsi ya kunyamaza anapoumizwa. Alimfundisha pia kauli aliyoikuta kwa waliomtangulia: mtu wa safu ya mbele haondoki uwanjani kwa miguu yake. Akiondoka, amebebwa.

"Barua ya chama imekuja?" Mostyn aliuliza, ingawa alijua.

"Imekuja. Pitisha viazi."

"Ya ngapi hii?"

"Ya kumi na saba," alisema Tegwen, akimimina mchuzi juu ya nyama ya kondoo. "Na ya mwisho. Mwambie, Iorwerth."

Iorwerth aligeuka kumtazama shemeji yake. Mostyn alikuwa ameketi kushoto kwake, na ili kumtazama ilimbidi ageuze mabega na kiuno pamoja, kama mtu anayegeuza kabati.

"Ni kweli, shemeji. Mchezo huu ukiisha, sitaenda tena ofisi ya mgodi kuomba ruhusa. Yule karani ananiuliza kila mara: unaenda kucheza, au unaenda kutazama?"

Mostyn aliweka uma chini. "Basi hakuna budi tumvunje Vaughan."

"Tania utakavyo," alisema Tegwen, "lakini nisikilize. Simwombei mtu mabaya, na leo Jumapili. Ila yule bwana akianguka mwenyewe, mwacheni alale. Msimwinue. Hilo tu nakuomba."

"Akianguka mbele yangu, dada, nitamkalia."

Wakacheka wote watatu. Iorwerth alicheka kuliko wenzake, kisha akaona haya. Handel Vaughan alikuwa mtu mwema. Kila Krismasi alimletea kadi, na ndani yake aliandika kwa mkono wake maneno yale yale: Kwa mwenzangu mvumilivu. Tegwen alikuwa akizificha kadi hizo nyuma ya saa.

*

Mchezo wenyewe ulikuwa mbaya. Mvua, matope, na upepo kama alivyosema Bi Beynon. Zikiwa zimebaki dakika kumi na moja, Wales walikuwa mbele kwa pointi tatu, kumi na mbili kwa tisa, na Wafaransa walikuwa wamewasukuma hadi karibu na mstari wao wa nyuma. Watu wa mbele waligongana wakawa rundo. Refa akapuliza. Rundo likapungua mmoja mmoja, mpaka akabaki mtu mmoja chini, amelala ubavu, ameushika mkono wake wa kulia kama mtu anayebeba mtoto wa mwingine. Alikuwa Vaughan.

Daktari akaingia na mkoba wake. Mjumbe wa chama aliyeketi nyuma ya benchi akamgusa Iorwerth begani.

"Vua, Pugh."

Aliota neno hilo kwa miaka sita, na alipolisikia vidole vilikataa vifungo. Mtu wa akiba aliyekaa karibu naye akamsaidia kile cha juu. Koti likaanguka kwenye matope, akalikanyaga akipita. Jezi nyekundu ilikuwa kavu, safi, ina alama za pasi ya Tegwen kwenye mikono. Akasogea hadi kwenye mstari. Mshika kibendera akanyoosha kibendera mbele ya kifua chake.

"Bado. Mpaka daktari aonyeshe mkono."

"Najua."

"Najua unajua. Rudisha mguu nyuma."

Aliurudisha mguu. Upande wa mashariki, mahali pa kusimama, walikuwako watu mia mbili wa Cwmhelyg waliokuja kwa mabasi, na walikuwa wameona. Mmoja alianza kuita, "Koti", wengine wakamnyamazisha, kisha ikaja sauti ambayo hajawahi kuisikia ikitoka kwao: "Pugh. Pugh. Pugh." Polepole, kama watu wanaopigilia kitu ardhini. Machozi yakamjaa, akaulaumu upepo.

Hatua thelathini kutoka aliposimama, daktari alikuwa amepiga magoti akifungua mkoba. Vaughan alitikisa kichwa akisema jambo. Hapo Mostyn akasogea. Aliinama, akaweka mdomo kwenye sikio la Vaughan, akasema maneno machache. Halafu akapitisha mikono yake chini ya makwapa ya mwenzake, taratibu, kwa uangalifu, na kumwinua. Vaughan akasimama. Alikuwa mweupe kama karatasi, lakini alisimama. Daktari akamuuliza jambo, naye akajibu kwa kichwa: naendelea. Daktari akatazama juu kama mtu anayeulizwa swali lisilomhusu, akafunga mkoba wake, akatoka.

Mshika kibendera akashusha kibendera. "Bahati mbaya, bwana," alisema, na akaenda zake kwenye mstari.

Kwa dakika kumi na moja Iorwerth alisimama bila koti, maana hakuna aliyemwambia aketi. Aliona skramu sita. Katika zote sita Vaughan alining'inia kwa mkono mmoja, na Mostyn alimshika kaptura kiunoni, akawa amembeba mtu mzima huku akisukuma Wafaransa. Ilikuwa kazi ya ajabu. Nguzo yoyote nchini ingeitazama na kujifunza. Wales hawakupoteza hata mpira mmoja, na filimbi ya mwisho ilipopulizwa uwanja mzima uliimba.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, Vaughan hakuweza kuvua jezi. Walitafuta mkasi, na kwa kuwa Iorwerth ndiye aliyekuwa na mikono safi, akapewa yeye. Aliikata jezi kuanzia kiunoni hadi shingoni. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika, ncha yake ikisukuma ngozi kama kidole ndani ya mfuko.

"Taratibu," alisema Vaughan. "Asante, Iorwerth. Nilikuwa nimekwisha, unajua. Nilimwambia Mostyn: nimevunjika, niitieni mtu wa akiba. Unajua aliniambia nini?"

"Hapana."

"Aliniambia, watu wa mbele hatuondoki kwa miguu yetu. Pale pale nikaona aibu. Ulimlea vizuri shemeji yako."

Iorwerth aliendelea kukata mpaka kitambaa kikaachana. Alikikunja, akakiweka kwenye benchi, akaurudisha mkasi kwa mwenyewe.

*

Hakusema lolote ndani ya basi, wala usiku ule nyumbani. Alisubiri Jumapili, nyama ikiwa mezani na sala imeshasomwa.

"Ulimwambia nini Vaughan?"

"Wakati gani?" alisema Mostyn.

"Shemeji."

Mostyn alikata kipande cha nyama, akakitazama, hakukila. "Nilimwambia ulichonifundisha wewe."

"Alikuwa amevunjika."

"Aliweza kusimama."

"Alisimama kwa sababu ulimsimamisha."

Tegwen alikuwa bado ameshika kijiko cha kugawia njegere. Hakuwa amejua. Alimtazama mdogo wake. "Wewe ndiye uliyemwinua?"

"Niulizeni kama mchezaji," alisema Mostyn, "msiniulize kama ndugu."

"Haya, nakuuliza kama mchezaji," alisema Iorwerth.

"Tulikuwa mbele kwa pointi tatu. Skramu ni yao, hatua tano kutoka mstari wetu. Yule Mfaransa wa kulia amepeleka watu wawili hospitali mwaka huu. Na mimi shingo yako nimeikumbatia kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja. Naijua ilivyokuwa na naijua ilivyo. Tangu Oktoba haigeuki kushoto. Ukiinama naisikia inalia kama mlango wa zizi. Hapa klabuni unadhani nani anaibeba? Naibeba mimi. Nabeba yangu na yako, na wewe unavuta mipira watu wanakupigia makofi. Kule, mbele ya Wafaransa, nisingeweza."

Iorwerth alihisi damu ikimpanda masikioni. Usiku kabla ya kulala Tegwen humpaka mafuta ya kuchua, na Iorwerth humwambia kila mara kwamba ni baridi tu ya mgodini. Alidhani siri ile ilikuwa ya watu wawili.

"Kwa hiyo mtu mwenye mkono mmoja alikuwa bora kuliko mimi."

Mostyn hakujibu upesi. Lau angejibu upesi, pengine wangegombana tu kama ndugu na kupatana kabla ya Pasaka.

"Kwa dakika zile kumi na moja," alisema, "ndiyo."

"Sikuhitaji kumi na moja. Nilihitaji moja. Ungemwacha alale, mimi niingie, niiname skramu moja, shingo ikatike, wanibebe. Kofia hupewa hata aliyebebwa."

"Na mchezo je?"

"Mchezo gani?"

"Unaona," alisema Mostyn kwa sauti ya chini. "Wewe uliyenifundisha ungeuliza mchezo kwanza."

Tegwen alinyoosha mkono juu ya meza, akaichukua sahani ya mdogo wake ikiwa bado imejaa, akaenda nayo hadi mlango wa nyuma na kuwamwagia kuku. Aliporudi aliiweka sahani tupu kwenye beseni.

"Nenda kwako, Mostyn."

"Dada..."

"Nilikuomba jambo moja. Halikuwa kubwa. Nenda."

*

Iorwerth alikuwa amesema atastaafu, lakini hakustaafu. Aliona kwamba akiacha sasa atakuwa amekubali yale yaliyosemwa mezani. Septemba akarudi klabuni, akapimwa na daktari wa klabu, mzee aliyependa kumaliza kazi mapema, akapewa jezi yake.

Mostyn naye alikuwepo. Klabu haikuwa na nguzo nyingine ya kushoto, wala mtu mwingine wa katikati wa kiwango kile, na kamati haikutaka kusikia habari za familia. Basi msimu mzima, kila Jumamosi, watu wawili wasiosemezana walikumbatiana mara arobaini kwa mchezo. Sikio la huyu lilisuguana na sikio la yule mpaka yakatoka damu. Walipumua pumzi moja. Desturi ni mtu wa katikati kumpigapiga nguzo ya kushoto begani kwa vidole akiwa tayari mpira utupwe, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote kwa miezi minane: vidole viwili begani, na bega likikazwa kujibu.

Na katika kila skramu Iorwerth alihisi jambo ambalo msimu uliotangulia hakuwa amelihisi, au alilihisi akaliita jina lingine. Mostyn alikuwa akimbeba. Kabla tu ya mgongano bega la kushoto lilishuka kidogo na kuingia chini ya kwapa lake, na uzito uliopaswa kufika shingoni haukufika. Alitaka kumwambia acha. Lakini kumwambia acha kungekuwa kusema naye, na kungekuwa kukiri kwamba kuna kinachobebwa. Hivyo akabebwa, akiwa amekaza meno, na watu wa Cwmhelyg wakapiga makofi.

Januari timu ya taifa ilitangazwa. Vaughan alikuwa amepona. Wa akiba alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mwenye miaka ishirini na mmoja. Bi Beynon dukani hakutania siku hiyo. Alimpa mkate wake bila neno, na Iorwerth alitamani sana angemtania.

Aprili akaacha. Klabu iliandaa chakula. Katibu alimuuliza ni nani angependa aseme machache juu yake, na alipotaja jina la Mostyn kama jambo la kawaida tu, Iorwerth alisema, "Yeyote isipokuwa huyo." Basi hotuba ikatolewa na Pugh Haleluya, kwa muda mrefu mno.

*

Jumamosi moja ya Mei, asubuhi, Tegwen akiwa kwa mama yake, Iorwerth alirudi kutoka bustanini akakuta kitu juu ya meza ya jikoni. Kilikuwa kimefungwa kwa gazeti. Mlango wa nyuma hurudishwa tu bila kufungwa kwa ufunguo, na mtu pekee aliyekuwa na mazoea ya kuingia bila kubisha alikuwa hajaingia kwa mwaka mzima.

Alilichana gazeti. Ndani yake mlikuwa na kofia ya mahameli nyekundu, ya vipande vilivyounganishwa kwa uzi wa fedha, yenye kishada cha nyuzi kikining'inia, na mbele yake umeshonwa mwaka ambao Mostyn alicheza mara ya kwanza. Hapakuwa na barua. Mostyn hakuwa mtu wa barua, na kwa vyovyote maana yake ilikuwa wazi. Alikuwa na kofia moja, na hatapata nyingine hata akicheza mara hamsini. Alikuwa ametoa alichokuwa nacho.

Iorwerth alikaa akiitazama. Kisha akaenda nayo sebuleni palipokuwa na kioo, akaivaa. Alitarajia itamshukia machoni, maana kichwa cha Mostyn kilikuwa kama cha ng'ombe. Haikushuka. Ilimkaa sawasawa, kana kwamba alipimwa. Kama ingekuwa kubwa angeweza kucheka, akaisahau mezani, akamwachia Tegwen aamue. Lakini ilimkaa, na mtu aliyekuwa kiooni alimtazama kwa uso wa mwizi.

Akaivua. Gazeti lilikuwa limechanika vipande. Hakutafuta lingine, alitoka nayo mkononi hivyo hivyo, kwenda kumrudishia mwenyewe mlangoni pake, mchana kweupe, ili wote waone inarudi.

Nyumba ya Mostyn ilikuwa mwisho wa mtaa wa juu. Hajafika kona, Pugh Maziwa akasimamisha gari lake.

"Ee, Iorwerth. Wamekupa?"

"Si yangu."

"Ya nani basi?"

"Ya Mostyn."

"Aa," alisema Pugh Maziwa, na uso wake ukazimika. "Nilidhani wamekumbuka."

Wanawake wawili waliokuwa wakisugua ngazi za milango yao waliinuka kwa pamoja. Mmoja alikuwa ameshaanza kumpigia makofi kabla hajawajibu. "Si yangu," aliwaambia, na makofi yakakatika. Mchimbaji mwenzake aliyekuwa akipaka rangi dirisha alishuka ngazi yote ili ampe mkono, na ikambidi amwambie na huyo, na kumtazama akipanda tena. Alikuwa amejiandaa kwa kila jambo ila hilo. Alidhani watamcheka. Hakujua kwamba walikuwa wamengoja pamoja naye miaka yote hiyo, na sasa mlango kwa mlango alikuwa akiwanyang'anya.

Mkabala na nyumba ya Mostyn alikaa Bi Gwladys Howells, aliyewahi kumfundisha kusoma, na sasa alikuwa na miaka themanini na minne. Alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni pake. Macho yake ya karibu yalikuwa yamekwisha, ya mbali yalikuwa bado makali.

"Ni nani huyo? Iorwerth Pugh? Umebeba nini chekundu?"

Alisogea. Hakuweza kumpita mwalimu wake. Bi Howells alinyoosha mikono, na kabla Iorwerth hajasema neno kofia ilikuwa mapajani pake. Aliipapasa kwa vidole, mshono kwa mshono, akapima kishada, akapitisha kidole gumba juu ya ule mwaka ambao hakuweza kuusoma.

"Haya," alisema. "Haya. Nilimwambia dada yangu kabla hajafa, watampa tu yule mtoto, si watu wabaya hivyo. Aliniambia nimezeeka. Walikuletea lini?"

Iorwerth alifungua mdomo kusema yale maneno mawili. Alikuwa ameshayasema mara tatu, na alijua jinsi uso wa mtu unavyokuwa baada yake.

"Leo asubuhi, Mwalimu," alisema.

"Leo asubuhi. Hongera, mwanangu. Hongera sana."

"Asante, Mwalimu."

Akaipokea kofia. Ng'ambo ya mtaa Mostyn alikuwa bustanini mwake, ameshika jembe, amesimama akimtazama. Geti lilikuwa wazi. Ilikuwa kama hatua ishirini. Nyuma yake Bi Howells alikuwa amegeuza kiti chake kidogo ili amtazame vizuri akienda, kwa macho yale yasiyokosa kitu cha mbali, na alikuwa akitabasamu.

Iorwerth alilipita geti. Alipita bila kugeuza kichwa; kukigeuza upande ule, wa kushoto, hangeweza hata kama angetaka. Alisikia jembe likiwekwa ukutani, akasikia nyayo mbili tatu kwenye changarawe zikija getini, zikasimama hapo. Mostyn hakumwita. Iorwerth akaendelea hadi nyumba zilipokwisha na barabara ikaanza kupanda mlima, kofia ya mtu mwingine ikiwa mkononi, akihesabu ni umbali gani inampasa aende kabla hajaweza kurudi nyumbani kwa njia ya nyuma.